Barua ya wazi kwa magavana wa Pwani: Msiwaache waogeleaji wenu nchi kavu

Kwa Waheshimiwa Magavana wa Mombasa, Kilifi, Kwale, Lamu na Tana River, na kwa wote wenye dhamana ya michezo na utalii katika serikali kuu.

Waheshimiwa,

Nimeiweka chini filimbi yangu. Kwa miaka 12 niliogelea mashindano, na kwa miaka mingine 14 nilikuwa mwokoaji katika fuo za umma za huku Pwani, chini ya waajiri watatu tofauti. Siku hizi nakaanga mahamri alfajiri na kuyauza kwa mbaazi mlangoni pangu. Mkono wangu wa kulia haupandi juu ya bega, na katika jicho moja kumeota kinyama kile cha watu waliokaa miaka mingi juani na chumvini. Sikuyataja haya ili nihurumiwe. Naandika kwa sababu siku niliyoondoka hakuna aliyeniuliza ninajua nini, na Desemba inakuja na wageni wake ufuoni. Nataka vijana wanaoacha mashindano ya kuogelea muwaajiri kuwa waokoaji wa fuo zenu.

Nilizaliwa Mtongwe, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Baba alikuwa mvuvi wa madema. Kwetu wavulana ndio waliofundishwa kuogelea. Sisi wasichana tuliishia maji ya magotini tukiokota makombe. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa karibu na nchi kavu, na watu zaidi ya 270 wakafa maji. Nilikuwa na miaka 9. Nawakumbuka wanawake waliosimama ukingoni hadi usiku, leso begani, bila kuketi. Namkumbuka baba alivyorudi na dau lake, akakaa barazani na chumvi yake mwilini, asile wala asiseme. Wiki iliyofuata alituita wasichana watatu, akatupeleka pwani siku ya maji mafu, bahari inapopanda na kushuka kidogo tu, akasema hakuna mtu wa nyumba hii atakayekaa bila kuyajua maji. Mama alinung'unika kwa ajili ya nguo na macho ya watu. Baba hakubishana naye. Alikwenda kwa fundi akatushonea suruali nyepesi na fulana za mikono mirefu, na hizo ndizo nguo zangu za kwanza za kuogelea.

Nilipofika miaka 11 mwalimu mmoja aliniona nikivuka mkono wa bahari na kaka zangu, akaniombea nafasi katika shule iliyokuwa na kidimbwi cha kuogelea. Kilikuwa cha mita 25. Niliamka saa kumi na nusu, nikavuka na feri ya kwanza gizani, nikaogelea kabla wenye shule hawajaamka. Nilijifunza kuhesabu mapigo, kugeuka ukutani, kupumua upande wowote. Nilipopelekwa Nairobi mara ya kwanza niliogelea katika kidimbwi cha mita 50 cha Kasarani, kile kilichojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Nilinyoosha mkono kuutafuta ukuta mahali nilipouzoea, na ukuta haukuwepo. Nilimaliza wa mwisho. Mwaka uliofuata nilirudi nikashika nafasi ya tatu, na medali ile ipo bado, imeshikwa na kutu kwenye mshipi wake.

Agosti 2008 tulijazana kwenye televisheni ya jirani kumtazama Jason Dunford kule Beijing. Katika mchujo wa mita 100 mtindo wa kipepeo alitumia sekunde 51.14, ikawa rekodi ya Olimpiki hadi ilipovunjwa siku hiyo hiyo, na kwenye fainali akamaliza wa tano. Mkenya, kwenye maji! Nililia kwa furaha. Mwaka huo huo ndio niliacha mashindano, kwa sababu nauli ya kwenda majaribio ilikuwa juu yangu mwenyewe na nyumbani baba alikuwa ameanza kuumwa. Nilikuwa na miaka 23. Kocha wangu alinishika bega akaniambia nimefanya vizuri. Hakukuwa na mtu wa kuniambia nielekee wapi baada ya hapo. Kazi ya ufuoni niliipata kwa kubahatisha, kwa kumsikia mwendesha bodaboda akisema kuna mahali wanatafuta watu wanaojua maji.

Ufuo ulinifundisha kwamba nilikuwa najua nusu ya kazi. Kasi nilikuwa nayo. Sikujua kuyasoma maji ya bahari.

Wageni wetu wa bara wanaogopa mawimbi, na kweli mawimbi ni ya kuogopwa. Lakini huku kwetu mwamba unayavunja mbali, na maji yaliyo ndani ya mwamba yanaonekana kama beseni. Hatari kubwa niliyokutana nayo ni ya kimya zaidi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hupita mita tatu. Maji yakipwa, mafungu ya mchanga hutokeza mbali kabisa, na watu hutembea mpaka huko kwa miguu, na watoto, na simu za kupigia picha. Kisha maji yanarudi. Hayaanzi kwa kulifunika fungu walilosimama. Yanaanza kwa kuujaza mfereji ulio nyuma yao, kati yao na ufuo. Mtu anacheka kwenye mchanga mkavu huku njia yake ya kurudi imeshakuwa ya kifuani, na baada ya nusu saa itakuwa juu ya kichwa chake. Akigeuka na kuona, anajaribu kuvuka. Hapo ndipo wengi niliowatoa nilipowatolea.

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa, na mwanzoni nilikuwa natafuta anayetapatapa. Nilichelewa mara moja kwa sababu hiyo. Mwokoaji wa New York aitwaye Francesco Pia aliwachunguza watu wanaozama akaeleza jambo ambalo kila mlinzi wa ufuo huja kulijua kwa macho yake: asiyejua kuogelea, mdomo ukiwa unazama na kuibuka, hana pumzi ya kupiga kelele wala uwezo wa kupunga mkono. Mikono yake inasukuma maji chini, mwili umesimama wima, kichwa kimelala nyuma. Hukaa hivyo kati ya sekunde 20 na 60, kisha anashuka. Anayepiga kelele bado ana nafasi. Anayenyamaza ndiye wa kukimbiliwa. Tafadhali hili moja liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, kwenye kila lango la ufuo wa umma, kwa sababu mama anayekunywa madafu kwa mbali hudhani mtoto wake anacheza.

Nitawasimulia siku moja, halafu nitasema ninachotaka.

Ilikuwa tarehe 26 Desemba, mwaka siutaji. Ufuo ulikuwa umejaa mabasi ya kutoka bara, matyubu ya magari yakikodishwa, ngamia, muziki. Tulikuwa waokoaji watatu. Tulikuwa na boya moja la kuokolea, lililopasuka na kushonwa kwa uzi wa nyavu, na filimbi zetu. Boti tuliahidiwa tangu Juni. Maji yalianza kujaa saa sita mchana. Nilihesabu watu kumi na moja kwenye fungu, nikapuliza, nikapuliza tena, nikaingia. Mwenzangu aliingia nyuma yangu na wa tatu akabaki kuwatazama wengine mamia. Tulitoa wanne kwa mara ya kwanza, tukarudi. Vijana wa bichi, wale ambao wengine wenu huwaita wasumbufu, walikuja na hori mbili bila kuitwa, wakabeba watano. Nilirudi kuchukua wawili waliobaki, kaka na dada. Msichana alikuwa amevaa dera, na dera likilowa huwa kama mtu wa pili anayekushika miguu. Nilimpata. Kaka yake, wa miaka kama kumi na mbili, alikuwa amejaribu kuvuka peke yake.

Tulimkuta baada ya dakika ambazo sijui ni ngapi. Nilimpa pumzi kwanza, kwa sababu aliyekufa maji amekosa hewa kabla moyo haujasimama, kisha nikaanza kumbana kifua, nikaendelea mpaka mikono ikafa ganzi, wenzangu wakanipokea. Gari la wagonjwa tuliliita mara nne. Halikuja. Tukamlaza nyuma ya pikapu ya muuza maji, nami nikiwa juu yake nikiendelea kubana njia nzima. Hospitalini walimpokea mlangoni na kutuambia tukae nje.

Jioni ile msimamizi wetu aliniuliza kwa nini boya limeharibika zaidi. Sina uchungu naye sasa, alikuwa na karatasi zake za kujaza. Lakini usiku huo nilielewa kwamba katika vitabu vya waliotuajiri kulikuwa na mahali pa kuandika boya, na hapakuwa na mahali pa kutuandika sisi. Mikataba yetu ilikuwa ya miezi mitatu mitatu. Cheti changu cha uokoaji kilipoisha muda niliambiwa nikahuishe kwa pesa yangu, na ada yake ilizidi mshahara wa mwezi. Bega lilipochanika niliambiwa kibarua hakitibiwi. Nilikwenda nyumbani na mkoba wangu, na aliyeajiriwa baada yangu alikuwa kijana mwema, mwenye nguvu, ambaye hakujua kuogelea zaidi ya mita hamsini. Nilimfundisha kwa wiki mbili bila malipo ndipo nikaweza kulala.

Sasa, Waheshimiwa, kazi hii ni ya nani? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazitaja fuo kwa jina, pamoja na bustani na viwanja vya michezo, miongoni mwa majukumu ya kaunti. Linataja pia kuzima moto na kukabili majanga. Kikosi cha Walinzi wa Pwani kilizinduliwa mwaka 2018, nami nilifurahi, lakini boti ya doria haiwezi kumfikia mtoto aliye mita 80 kutoka kwenye mchanga katika maji ya kina cha mtu mzima. Anayemfikia ni mtu aliyesimama pale pale, anayejua maji, aliyelipwa ili asiangalie kitu kingine. Mtu huyo ni wenu.

Na watu hao mnao. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kila mwaka klabu na shule zetu zinatoa vijana waliotumia miaka minane au kumi asubuhi na jioni ndani ya maji. Wakifika miaka ishirini na kitu wanaacha, kama nilivyoacha, na elimu yote ile inakwenda kuuza simu au kuendesha tuktuk. Wakati huo huo ufuoni mnaweka mtu yeyote mwenye fulana nyekundu. Naomba mjenge njia moja, itokayo kidimbwini na kufika ufuoni.

Wengine walishaijenga. Wamarekani wa Hawaii wana Duke Kahanamoku, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki katika mita 100 mwaka 1912 na tena 1920. Mnamo tarehe 14 Juni 1925 boti ilipinduka katika mawimbi ya Corona del Mar, California, naye akaenda na kurudi na ubao wake wa kuteleza mawimbini akatoa watu 8. Watu 17 walikufa siku hiyo. Bila yeye wangekuwa wengi zaidi. Na hata yeye, bingwa wa dunia nzima, alipostaafu alihangaika, akasimamia vituo vya mafuta, hadi mwaka 1934 watu wa Honolulu walipomchagua kuwa sherifu wao. Huwa namfikiria pale kwenye pampu ya mafuta, na mikono ile.

Australia waliona mapema zaidi. Klabu za waokoaji wa ufuoni zilianza huko mwanzoni mwa karne iliyopita, na wakayafanya mashindano yenyewe kuwa sehemu ya kazi: kukimbia mchangani, kuingia baharini, kulizunguka boya, kurudi na mtu mgongoni. Jumapili ya tarehe 6 Februari 1938, kwenye ufuo wa Bondi jijini Sydney, mawimbi makubwa yalifuatana na kuwavuta watu mamia kuelekea kilindini. Makumi ya waokoaji walikuwa palepale, wamejiandaa kwa mashindano ya klabu yao. Wakaingia wote. Watu wapatao 250 walitolewa, na waliokufa walikuwa watano. Hebu fikirieni hesabu ile ingekuwaje kama wangekuwa watatu na boya moja.

Hata jirani zetu wametuonyesha kitu. Ndege ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kati ya watu 43 waliokuwemo, 24 walipona. Serikali ya Tanzania ikampa kijana mmoja mvuvi shilingi milioni moja na kumwingiza katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nilishangilia uamuzi ule wa pili kuliko pesa. Ila isisubiriwe ndege ianguke ndipo mtu anayejua maji apewe sare.

Kwa hiyo naomba hivi. Mwokoaji wa ufuo awe na cheo katika utumishi wa kaunti, cheo chenye jina, mshahara wa kila mwezi, bima ya matibabu, na mafunzo yanayohuishwa kwa gharama ya mwajiri. Mtihani wake ufanyike baharini, maji yakiwa yanajaa. Nafasi zikitangazwa, tangazo lipelekwe kwanza kwenye klabu za kuogelea na kwenye bandari za wavuvi, maana mvuvi anausoma mkondo na muogeleaji ana kasi, na wakikaa timu moja mwaka mmoja kila mmoja anakuwa wote wawili. Kila Septemba au Oktoba, kabla ya msimu wa watalii wa Desemba, kaunti tano zishindane ufuoni. Pesa za kombe ni kidogo. Mtapata vijana walio tayari, na mtapata watu wazima kama mimi wa kuwafundisha bila kuingia tena majini.

Waajirini wanawake. Nasema hili kwa uzoefu. Kuna akina mama waliokuwa wanaoga baharini na buibui zao kabla ya jua kuchomoza, mbali na watu, ili wasionekane, na hivyo hata mwokoaji hakuwaona. Nilianza kukaa nao saa kumi na mbili asubuhi. Nikawafundisha kuelea kwa mgongo, kwanza na mitandio ikiwa imefungwa vizuri kiunoni, halafu na nguo nyepesi. Walikuwa wanne, wakawa zaidi ya thelathini. Mwanamume asingeweza kuwashika mabega na kuwaambia waachie shingo. Mmoja wao, bibi wa wajukuu saba, alielea kwa mara ya kwanza akaanza kusema Alhamdulillahi, Alhamdulillahi, hakuacha hadi tulipotoka.

Na watoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na kwamba kiwango cha vifo hivyo kiko juu zaidi katika kanda yake ya Afrika kuliko kanda nyingine yoyote. Moja ya mapendekezo yake ni kuwafundisha watoto wa umri wa shule misingi ya kuogelea na usalama wa maji. Mtaniambia shule zetu hazina vidimbwi. Kweli. Lakini hoteli zetu zinavyo, na msimu wa mvua za masika, Aprili hadi Juni, vidimbwi vingi vinakaa bila wageni huku wafanyakazi wakirudishwa nyumbani. Kaeni na wenye hoteli. Asubuhi mbili kwa wiki, kwa wiki kumi, darasa la nne peke yake. Sikuambieni kila mtoto awe bingwa. Aelee, ajigeuze, afike mita 25, ajue kutoingia majini kumfuata mwenzake bali kumtupia dumu tupu au kamba. Mvulana wa fungu lile angejua kuelea tu, ningemkuta angali anapumua.

Nimetaja mengi na najua mtasema bajeti. Basi kwa Desemba hii, kabla ya cheo na kabla ya kombe, wekeni kwenye kila ufuo wa umma ubao wenye saa za maji kujaa, unaoandikwa upya kila asubuhi kwa chaki. Wekeni bendera za kuonyesha mahali pa kuogelea na mahali pa kukataza. Wekeni maboya mazima na boti moja yenye mafuta. Wapeni waokoaji namba ya gari la wagonjwa ambayo hupokewa.

Mimi niko tayari. Bamvua ijayo nitakuwa pwani alfajiri, maji yakiwa yamepwa kabisa, na nitatembea mpaka kwenye fungu kwa miguu. Yeyote kati yenu akija, au akimtuma afisa wake, avue viatu tuongozane. Nitamwonyesha ule mfereji ungali mkavu, ajue upana wake. Kisha tutasimama hapo na kungoja, na maji yakianza kuingia nyuma yetu nitamwambia ni wakati gani wa kurudi.

Wenu,
Muogeleaji na mwokoaji mstaafu,
Mtongwe